Kabla ya Kumhukumu Mgonjwa, Ulizwe Ubongo

Chukua mfano wa mkulima wa pamba wa kata ya Nkoma, wilayani Itilima, mkoani Simiyu. Anaamka asubuhi na kizunguzungu kikali. Anatapika, anatembea akipepesuka, na maneno yanamtoka kwa uzito. Hajaonja pombe, lakini majirani wanacheka kwamba leo ameanza kunywa mapema. Jioni, asipopata nafuu, mazungumzo yanageukia nani amemloga. Siku inakwisha bila mtu yeyote kumpima shinikizo la damu. Mkulima huyu ni wa kufikirika, ila hukumu aliyopewa ni ya kila siku, na wakati mwingine hutolewa na mtu aliyevaa koti jeupe.

Sehemu za ubongo hufundishwa vyuoni kama orodha ya kukariri, na mtihani ukipita orodha husahaulika. Hasara yake ni kubwa. Kila sehemu ina kazi yake, na ikiumia huacha dalili zake. Asiyezijua dalili hizo huona tabia mbaya mahali palipo na ugonjwa.

Ubongo mkubwa una nusu mbili. Nusu ya kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndiyo makao ya lugha. Kiharusi kikiipiga, mgonjwa anaweza kukosa neno hata la kuomba maji, huku akielewa mengi yanayosemwa kitandani pake. Ndugu humwita mtu asiye na akili, naye anasikia.

Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, hutawala maamuzi na kujizuia. Kijana aliyegonga kichwa katika ajali ya bodaboda anaweza kupona jeraha, kisha miezi baadaye akawa mwepesi wa matusi na mzito wa kazi. Kijiji husema amekuwa mhuni. Sehemu ya pembeni, karibu na sikio, inahusika na kumbukumbu. Kifafa kinachoanzia hapo huenda kisimwangushe mtu: hukodoa macho, hutafunatafuna kinywa kitupu, hupapasa vifungo vya shati, au hunusa harufu ambayo wengine hawaisikii. Kwa wengi, huyo ana pepo.

Nyuma, chini ya ubongo mkubwa, kuna ubongo mdogo unaolinda mizani ya mwili na ulaini wa mwendo. Ndiko linakoweza kuwa tatizo la yule mkulima. Shina la ubongo huendesha pumzi, mapigo ya moyo, kumeza na kuwa macho. Kutoka hapo hushuka ugwe mgongo, kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo. Kifua kikuu cha mifupa hiyo kinaweza kuubana, miguu ikalegea na mkojo ukatoka bila hiari. Mgonjwa hujificha kwa aibu, ilhali ugonjwa wake una dawa.

Tanzania imekwisha kuona tofauti ambayo elimu hii huleta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norway, Louise Aall, baadaye Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Alikuta wagonjwa waliotengwa kwa hofu, wengine wakiwa na makovu ya kuangukia motoni. Dawa aliyoitegemea ilikuwa fenobabitali, kidonge cha bei nafuu. Wengi walipungukiwa na degedege. Pamoja na kidonge, walihitaji pia mtu wa kuwaambia wao na jamii zao kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo na kwamba mate ya mgonjwa hayaambukizi.

Mhudumu wa zahanati atauliza, kwa haki, elimu hii inamfaa nini asiye na mashine ya CT skani. Jibu ni kwamba uchunguzi wa neva huanza kwa macho na masikio. Mgonjwa aambiwe atabasamu, ainue mikono yote miwili, aguse pua kwa kidole, ataje vitu anavyoonyeshwa, atembee hatua kumi. Apimwe shinikizo la damu na sukari, maana sukari ikishuka sana huweza kufanana na kiharusi au ulevi. Mwenye homa na degedege apimwe malaria, na homa ya uti wa mgongo isisahaulike. Mwenye dalili za kiharusi asipewe chakula wala maji kabla ya kuhakikisha kwamba anameza salama. Vipimo hivi havichukui nafasi ya mashine. Vinaonyesha nani asingoje basi la kesho kwenda Bariadi au Bugando.

Familia nayo ina sehemu yake. Mwenye degedege alazwe ubavu, aondolewe karibu na moto, asitiwe kijiko mdomoni. Degedege likizidi dakika tano, ni dharura. Dawa ya kifafa isikatishwe ghafla, hata kama mtu amepata ushauri wa mganga. Mganga wa jadi naye hana haja ya kutukanwa. Mara nyingi ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa, na akizijua dalili hizi anaweza kuwa wa kwanza kumtuma hospitali.

Mabadiliko yanaweza kuanzia kwenye barua ya rufaa. Anayeandika “mlevi” au “amechanganyikiwa” amefunga jalada. Anayeandika “anapepesuka na kutapika tangu saa kumi na mbili asubuhi, hanuki pombe” amempa daktari anayepokea mahali pa kuanzia, na amempa mkulima wa Nkoma nafasi ya kupona akiwa na heshima yake.