Kichocho na Mustakabali wa Mwendesha Baiskeli

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya Ziwa Victoria, vijana wa mialo ya Musoma na Bunda huwa wamekwisha kufunga matenga ya samaki nyuma ya baiskeli zao. Baadhi yao hupeleka mzigo sokoni mjini. Wengine huelekea bara, kwenye vijiji vya Butiama ambako sato na dagaa husubiriwa. Baiskeli zenyewe ni nzito, hazina gia, na barabara hupanda na kushuka vilima. Mtu anayewatazama vijana hao hujiuliza kama miongoni mwao hayumo hata mmoja awezaye kushindana siku moja katika mbio kubwa za dunia.

Swali hilo si la ndoto tupu. Mwaka 2022 Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mojawapo ya mbio tatu kuu za Ulaya, aliposhinda hatua ya Giro d'Italia. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza yafanyike Afrika. Hapa nyumbani nako, katika miaka ya karibuni waendesha baiskeli wamekuwa wakisafiri kwa msafara kutoka Dar es Salaam hadi Butiama kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Hamu ya mchezo huu ipo.

Kinachokosekana hutajwa upesi: baiskeli za mashindano ni ghali, makocha ni haba, na safari za Ulaya zinahitaji fedha na wafadhili. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo halitajwi katika mazungumzo ya michezo, nalo linahusu zahanati kuliko uwanja. Kijana aliyekulia ufukweni mwa ziwa hili anaweza kuwa na kipaji, bidii na hata baiskeli nzuri, na bado akashindwa kwa sababu ya minyoo iliyomo katika mishipa yake ya damu. Maradhi hayo ni kichocho, na ushahidi wa jinsi yanavyoweza kumgusa hata bingwa umo katika maisha ya mwendesha baiskeli mashuhuri kuliko wote waliozaliwa Afrika Mashariki.

Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alijifunza mchezo huu nchini Kenya chini ya David Kinjah, mwendesha baiskeli aliyewakusanya na kuwafundisha vijana nyumbani kwake eneo la Kikuyu. Mwaka 2006 Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Baadaye alipata leseni ya Uingereza, na mwaka 2010 akajiunga na timu ya Sky. Wakati huo matumaini juu yake yalikuwa ya wastani. Siku moja alionesha nguvu za kushangaza, siku iliyofuata akaachwa nyuma na wenzake bila sababu iliyoeleweka. Katika mbio za hatua hiyo ni dosari kubwa, maana mshindi ni yule anayeamka na nguvu kila asubuhi kwa muda wa majuma matatu.

Mwishoni mwa mwaka 2010 vipimo vya damu vilionesha kuwa alikuwa na kichocho. Alipewa prazikwanteli, na matibabu hayo yalirudiwa zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata. Mwaka 2011 aliingia Vuelta a España akiwa msaidizi wa kiongozi wa timu, Bradley Wiggins. Alimaliza akiwa wa pili, sekunde 13 tu nyuma ya Juan José Cobo. Na mwaka 2019, baada ya Cobo kupatikana na hatia ya kutumia njia zilizokatazwa, Froome alitangazwa kuwa mshindi halali. Kati ya mwaka 2013 na 2017 alishinda Tour de France mara nne.

Ni lazima kuwa na uangalifu hapa. Kisa cha mtu mmoja si utafiti, na hakuna daktari makini atakayesema kwamba vidonge vya kichocho ndivyo vilivyozaa bingwa. Prazikwanteli haimpi mtu nguvu asiyokuwa nayo. Humwondolea mzigo tu. Mafunzo, vifaa, timu imara na mambo mengine mengi yalichangia. Lakini somo moja linabaki bila shaka: mtu anaweza kuwa na mwili wa mwanamichezo wa kulipwa, akazungukwa na madaktari, na bado akaishi na kichocho bila kujua. Ikiwa ilikuwa hivyo kwake, itakuwaje kwa mvuvi wa Bunda ambaye mara ya mwisho alipimwa akiwa darasa la nne?

Namna maradhi haya yanavyofanya kazi hueleza kwa nini hujificha. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi cha mgonjwa na kufika majini. Huko huanguliwa, vimelea huingia ndani ya konokono, na baada ya majuma kadhaa hutoka wakiwa wengi, wadogo wasioonekana kwa macho. Hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, na dakika chache zinatosha. Ndani ya mwili hukua na kutulia katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo, ambako huishi kwa miaka kadhaa wakila damu na kutaga mayai kila siku. Mengi ya mayai hayo hayatoki nje; hunasa katika kuta za utumbo na katika ini, na mwili hujenga makovu kuyazunguka.

Hapa pana kosa la kawaida. Kwa watu wengi neno kichocho humaanisha kukojoa damu. Aina hiyo ipo, lakini ile iliyoenea zaidi kando ya Ziwa Victoria ni kichocho cha matumbo. Dalili zake ni maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, kuharisha, mara nyingine damu katika choo, upungufu wa damu na uchovu usioisha. Baada ya miaka mingi ini na wengu vinaweza kuvimba, tumbo likajaa maji, na mgonjwa akatapika damu. Mgonjwa anayefikishwa hospitali ya rufaa Musoma, au Bugando kule Mwanza, akiwa katika hali hiyo hakuugua jana. Aghalabu amepita katika milango mingi ya tiba, akaambiwa ana taifodi, amiba au vidonda vya tumbo, na kupewa dawa kwa kukisia.

Kwa mwendesha baiskeli, hasara huanza mapema kuliko hapo. Tour de France ina hatua 21, zenye jumla ya zaidi ya kilometa 3,000, na siku mbili tu za kupumzika. Oksijeni anayoihitaji mwendeshaji katika kupanda mlima husafirishwa na hemoglobini iliyomo katika chembe nyekundu za damu. Anayepoteza damu kidogo kidogo kila siku kupitia utumbo hupoteza madini ya chuma, na uwezo wake wa kurejesha nguvu usiku hupungua. Kijana abebaye samaki naye yumo katika mbio zake za hatua, kwa kuwa kila siku ni hatua na hazina siku ya mwisho. Akichoka huitwa mvivu. Kipato chake hupungua, naye hujilaumu kwa jambo ambalo kipimo cha choo kingeweza kulieleza.

Kwa muda mrefu kampeni za kugawa prazikwanteli nchini zimeelekezwa zaidi kwa watoto wa shule. Uamuzi huo ulikuwa na hekima: watoto huathirika sana, na shuleni ni rahisi kuwafikia. Lakini mvuvi, mchuuzi wa samaki, mama afuaye nguo ufukweni na kijana aliyeacha shule hubaki nje ya mpango huo, ilhali wao huingia majini kila siku na mayai yao hurudi katika ziwa lile lile analoogelea mtoto aliyetibiwa juzi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza kwamba katika jamii ambamo maambukizi yamefikia asilimia 10 au zaidi, dawa itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwamo watu wazima. Mwongozo huo unafaa kufika hadi mwaloni, nao wavuvi na wachuuzi wafuatwe kazini kwao kama watoto wanavyofuatwa shuleni.

Wapo watakaouliza faida ya kumtibu mtu atakayerudi majini kesho. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau jambo moja. Madhara ya kichocho hutokana na wingi wa minyoo na miaka ya kuishi nayo. Kila tiba hupunguza idadi yake na mayai yatagwayo, huipa ini nafasi, na hupunguza uchafuzi wa ziwa. Froome mwenyewe hakutibiwa mara moja na kusahau. Alipimwa tena na kutibiwa tena. Kurudia tiba hakuna maana kwamba tiba imeshindwa. Ndivyo maradhi haya yanavyotibiwa mahali ambapo maji yenye vimelea hayaepukiki.

Mhudumu wa afya katika zahanati ya Bunda au Butiama hahitaji mashine kubwa ili kubadili hali hii. Kwanza ni swali: mtu mzima anayelalamika tumbo au uchovu aulizwe anafanya kazi gani na anaingia majini mara ngapi. Pili ni kipimo: choo kipimwe kwa njia ya Kato-Katz panapowezekana, na ikiwa sampuli ya kwanza haikuonesha mayai huku dalili zikiendelea, nyingine ichukuliwe siku tofauti, kwa sababu maambukizi madogo hupita bila kuonekana. Tatu ni kipimo sahihi cha dawa: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600. Mwenye historia ya kifafa atambuliwe kabla ya kupewa. Nne ni ufuatiliaji: dawa hii haiui vizuri minyoo michanga, hivyo kumpima mgonjwa tena baada ya wiki nne hadi sita ni sehemu ya tiba.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Prazikwanteli imezwe baada ya kula. Kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya tumbo yanaweza kutokea, na kwa kawaida hupita ndani ya siku hiyo. Maji ya kuogea yaliyotekwa ziwani yakihifadhiwa katika chombo kisicho na konokono kwa siku mbili, vimelea hufa kabla hayajatumika. Hata hivyo maji hayo hayajawa salama kwa kunywa mpaka yachemshwe. Choo kitumike, hata kwa wale wanaolala kwenye makambi ya uvuvi, kwa kuwa bila kinyesi majini mzunguko wa maradhi hukatika. Na zaidi ya yote, asiyejisikia vizuri aseme. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa kichocho kifo huchukua miaka mingi kufika, na wakati huo wote mgonjwa hulipa kwa nguvu zake.

Kocha, mzazi na chama cha michezo nao wanaweza kuongeza jambo moja dogo katika maandalizi yao. Kabla kijana wa Mara hajaandikishwa katika mbio, na kabla hajahukumiwa kuwa hana pumzi, apimwe damu na choo. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya gurudumu moja la baiskeli ya mashindano.

Hakuna awezaye kuahidi kwamba Musoma, Bunda au Butiama itamtoa mshindi wa Tour de France. Vipaji vya namna hiyo ni adimu popote duniani. Linaloweza kuahidiwa, tena kwa dawa iliyokwisha kuthibitishwa, ni kwamba mwenye kipaji hatakwamishwa na maradhi yanayotibika. Na kwamba wenzake mia wasio na kipaji hicho, wanaopeleka samaki sokoni kila alfajiri, watapanda vilima vyao wakiwa na damu ya kutosha. Kwa mhudumu wa afya, hao mia ndio wa kwanza.