Hakuna Dhahabu Chini ya Ploti Yako

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja hapa Kitengela alitangaza kwamba Mungu ameficha dhahabu chini ya ploti zetu, kilichobaki ni imani na mashine ya kuitafuta. Waumini wakapiga makofi. Damu ilinichemka, maana mzee jirani yangu ameshauza mitamba wawili kukodi mashine hiyo.

Tuulize mwamba kwanza. Dhahabu ya Kenya inayojulikana zaidi iko Migori, Kakamega, Lolgorian na Pokot Magharibi, ndani ya miamba ya kale. Sisi Kitengela tumekalia lava ya volkeno, na juu yake udongo mweusi unaonasa matatu kila mvua ikinyesha. Shuka hadi Bissil, utakuta mawe ya chokaa yanayolisha viwanda vya saruji. Magadi kuna magadi. Mashine haiwezi kupata kitu ambacho mwamba haukuzaa.

"Lakini ililia!" ananiambia mzee. Ililia, ndiyo. Nilisimama pale kwake vijana wakichimba hadi kiunoni, wakatoa nati ya trekta iliyoshika kutu na kipande cha seng'enge. Mashine hulilia chuma chochote. Hata huko Migori, dhahabu nyingi ni chembe ndogo ndani ya jiwe, ndiyo maana wachimbaji wanasaga mawe kutwa. Mashine ingezipita kimya. Na zile za antena, zinazodaiwa kunusa dhahabu kutoka mbali, ni wizi mtupu. Mwingereza James McCormick aliuza antena za aina hiyo akidai zinagundua mabomu. Mwaka 2013 alifungwa miaka 10.

Kuna wanaonitajia Kakamega: mbona Wazungu walikimbilia dhahabu huko miaka ya 1930? Walikimbilia Kakamega, ndugu zangu! Reli ya Magadi ilishapita Kajiado, kaunti yetu hii, wakati huo, wangeteremka hapa bila jasho. Hawakuteremka, kwa sababu walisoma mwamba.

Na hata ingekuwepo, Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini ni mali ya Jamhuri, na kuyatafuta kunahitaji kibali. Mwenye ploti asingeweza kujichimbia tu apendavyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mali yetu halisi inaondoka tukiona. Malori yanakomba mchanga wa mito yetu usiku kucha, visima vya mifugo vinakauka, na maji tunayobaki nayo, ya visima virefu, mengi yana floraidi ya kupita kiasi inayoharibu meno ya watoto. Kwa hilo sijasikia kanisa wala chifu akiitisha mkutano.