Babu Yangu Hakuwa Mnene

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Leo nataka kumshtaki mwongo mmoja anayekaa sebuleni mwetu, na pengine mwenu pia. Mwongo huyo ni runinga inayovuta picha.

Nyumbani tuna DVD ya arusi ya mjomba, iliyopigwa mwaka 2011. Humo babu yangu anacheza kwa dakika nne hivi, fimbo mkononi. Babu alifariki mwaka 2014 nikiwa mdogo sana. Picha zake za karatasi tunazo chache, lakini ya kutembea na kucheka ni hiyo moja tu. Mwaka jana mama alinunua runinga bapa. Jumapili ya kwanza tukaiweka DVD hiyo. Loo! Babu akatokea kama gunia la viazi. Kitinda mimba wetu, ambaye hakumkuta babu, akacheka, "Kumbe babu alikuwa kibonge!" Nyanya akainuka akaenda zake jikoni. Baadaye aliniambia, "Yule si mume wangu. Mume wangu alikuwa mwembamba kama mwanzi."

Maneno hayo yaliniuma. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, basi nikaanza kuuliza na kupima.

Kamera ya arusi ile ilikuwa ya kizamani. Picha yake ina uwiano wa 4:3, yaani sehemu 4 za upana kwa sehemu 3 za kimo, sawa na zile runinga zenye kisogo. Runinga bapa ni ya 16:9. Sasa tupige hesabu kidogo, walimu wa hisabati wafurahi. Kimo cha 3 kikifanywa 9, upana wa 4 unakuwa 12. Kwa hivyo picha ya babu ingejaza sehemu 12 tu kati ya 16, yaani robo tatu ya kioo, na pembeni kubaki weusi. Lakini runinga yetu ilikuwa imetegwa ijaze kioo chote. Ikaivuta 12 ikawa 16. Babu kaongezwa theluthi ya upana bila kula chochote!

Ukitaka ushahidi, tafuta kitu cha mviringo kinachotazamana nawe, kama saa ya ukutani au sahani. Mimi nilisimamisha picha pale gari la arusi linapoonekana kwa ubavu, nikapima gurudumu kwa rula: kimo sentimita 9, upana 12. Gurudumu gani hilo? Nikatafuta kwenye rimoti mahali pa kuchagua umbo la picha, nikachagua 4:3. Gurudumu likawa duara. Nikamwita nyanya. Alitazama dakika zote nne, kisha akasema, "Rudisha."

Lakini mjomba alipokuja hakupendezwa. "Ati tumenunua runinga kubwa ili tutazame robo tatu?" Jamani, weusi wa pembeni si ugonjwa. Picha haikupigwa pale, basi kioo kitaonyesha nini? Wengine husema heri kuikuza hadi ijae bila kuivuta. Hapo watu hawanenepi, kweli, lakini robo ya kimo inakatwa. Tulipojaribu, babu alipoteza kofia yake na nusu ya paji la uso. Mimi naona afadhali weusi pembeni kuliko babu asiye na kichwa.

Sasa nigeukie chama chetu. Tunayo DVD ya shairi la kwaya tulilokariri mwaka jana, iliyochomwa na fundi wa mtaani. Niliiweka nyumbani runinga ikiwa bado kwenye 4:3, nikashangaa: sote tumekondeana kama tumetoka kufunga mwezi mzima! Huu ni ugonjwa wa pili, kinyume cha ule wa kwanza. Kamera ilipiga 16:9, lakini wakati wa kuchoma, tarakilishi iliambiwa ni 4:3.

Kosa hilo linawezekana kwa sababu ya jinsi DVD inavyohifadhi picha. Katika mfumo wa PAL tunaoutumia hapa Kenya, DVD kamili huwa na vitone 720 kwa upana na 576 kwa kimo, iwe picha nyembamba au pana. Tofauti yake ni maandishi madogo ndani ya diski yanayosema "nionyeshe kwa 4:3" au "nionyeshe kwa 16:9". Maandishi hayo yakidanganya, deki nayo itadanganya. Fundi hakuliona kosa, nadhani, kwa kuwa runinga inayovuta kila kitu huyafuta makosa ya diski kama hiyo. Makosa mawili yakikutana yanajifanya haki.

Kwa hivyo msibonyeze rimoti mkadhani mmemaliza. Diski ya arusi yetu ni nzima, iliyokosea ni runinga, na dawa yake ni rimoti. Diski ya chama yenyewe ndiyo mgonjwa. Tuinakili kwenye tarakilishi, turekebishe yale maandishi yaseme 16:9, kisha tuchome diski mpya. Programu za bure za kazi hiyo zipo, na zile zinazobadilisha maandishi peke yake haziharibu picha. Zinazoipika picha upya huipunguzia ubora, tuziepuke.

Pendekezo langu kwa mwalimu mlezi na wanachama ni haya. Kwanza, kabla ya kumlipa fundi, tuitazame kazi yake na kupima kitu cha mviringo. Pili, tuandike juu ya kila kasha 4:3 au 16:9, ili mtazamaji ajue. Tatu, tunakili diski zote za zamani mapema, kwa maana diski za kuchomwa nyumbani huchakaa hata zikikaa kabatini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna atakayesema haya ni mambo madogo, mitihani inatungoja. Sikatai. Lakini miaka ishirini ijayo, mtoto wa mmoja wetu ataweka diski hiyo aulize, "Mama, hawa mianzi ni akina nani?" Kitinda mimba wetu alimjua babu kwa uongo kwa wiki mbili nzima. Sasa akiulizwa babu alikuwaje, anasimama wima, anabana mabega, anashika fimbo ya kudeki.

Nyanya hucheka kila mara.

Mwanachama, Kidato cha Tatu