Mgeni Asipokuja, Nani Hubeba Mzigo?



Mwezi Aprili 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ukiwa umekwisha kuenea duniani, Tanzania ilisitisha safari za ndege za abiria kutoka nchi za nje. Anga lilifunguliwa tena tarehe 18 Mei mwaka ule ule, lakini kufungua mlango si sawa na kumpata mgeni. Watalii waliokuwa 1,527,230 mwaka 2019 walishuka hadi 620,867 mwaka 2020. Wizara ya Maliasili na Utalii ililitahadharisha Bunge kwamba ajira za moja kwa moja zaweza kupungua kutoka 623,000 hadi 146,000.

Hesabu za namna hii tumezoea kuzisikia zikitajwa kwa ajili ya fedha za kigeni. Sisi twapenda kumtazama mpagazi wa Kilimanjaro. Mtu huyu hupanda mlima na mzigo ambao kanuni zasema usizidi kilo 20, naye hulipwa kwa safari: hakuna safari, hakuna ujira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Je, ni wapagazi wangapi waliopata kuishika karatasi hiyo mkononi? Wageni walipokoma, asiye na karatasi hakuwa na notisi, wala mafao, wala mtu wa kumdai. Mwenye kihamba alirudi kwenye migomba yake. Asiye na kihamba alijitafutia vibarua, pamoja na dereva, mfua nguo na mama aliyeuza mboga hotelini. Twakiri kwamba wenye kampuni nao waliumia, kwani wengine walikuwa na mikopo ya benki. Lakini mwenye gari alikuwa na gari la kuuza.

Wako waliosema kwamba angalau maumbile yalipumzika. Ni kweli kwamba barabara za Serengeti zilipungua vumbi. Ila tukumbuke ni nani anayelipia ulinzi wa wanyama. Kwa miaka mingi hifadhi chache, Kilimanjaro na Serengeti zikiwa mbele, zimezilisha hifadhi nyingine zisizopata wageni wa kutosha, kama Katavi. Kiingilio cha mgeni ndicho mafuta ya gari la doria. Kiingilio kikikatika, doria hupungua, wakati huo huo njaa ikiongezeka katika vijiji vinavyopakana na hifadhi.

Jirani zetu wa Uganda waliyaona hayo waziwazi. Mamlaka yao ya wanyamapori iliripoti kwamba kati ya Februari na Mei 2020 matukio ya ujangili yalizidi mara mbili yale ya kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Mwezi Juni sokwe mkubwa wa milimani aliyeitwa Rafiki, kiongozi wa kundi lake, aliuawa katika msitu wa Bwindi. Aliyemwua alieleza kwamba alikuwa amekwenda kuwinda wanyama wadogo. Alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Hatumtetei. Twasema tu kwamba jela haijapata kujaza chungu cha mtu yeyote kijijini.

Twaandika haya sasa kwa sababu wageni wamerudi. Mwaka 2023 walipita milioni 1.8, zaidi ya kabla ya ugonjwa. Na maradhi hayajatusahau: mwezi Machi 2023, na tena Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Mara zote mbili ulidhibitiwa, na wageni hawakukimbia. Hatuna ahadi ya mara ya tatu.

Kwa hiyo twaziomba mamlaka zitenge sehemu ya viingilio vya miaka hii ya neema katika mfuko usioguswa, wa kuwalipa askari wa wanyamapori na kuvisaidia vijiji jirani siku malango yatakapofungwa. Na kila kampuni inayopandisha wageni mlimani iulizwe pale langoni, kabla mzigo haujapimwa: mkataba wa huyu mpagazi uko wapi?