Mtumba wa Kuvaa na Mtumba wa Kupumulia

Suruali ya mtumba ikichanika, unaipeleka kwa fundi cherehani. Simu ya mtumba ikizima, unaazima ya rumeti. Lakini kifaa cha mtumba cha kupumulia kikigoma ukiwa mita 18 chini ya bahari, hapo hakuna fundi wala wa kumwazima. Hiyo ndiyo hoja yangu, na naitoa mapema kabla boom halijaingia.

Naitoa kwa sababu kupiga mbizi kumekuwa gumzo huku hosteli. Wapo walioenda Mbudya na Bongoyo, wakaona samaki kwa miwani ya kukodi, wakarudi hawasikii la mtu. Wapo walioambiwa kwamba ukiwa na vifaa vyako mwenyewe, likizo unapata kibarua Nungwi au Mafia. Na pale penye wateja wauzaji hawakosi. Tangazo nililolisoma kwenye ubao linasema: "Seti nzima ya kuzamia, imetumika kidogo, bei maelewano." Imetumika kidogo na nani, lini, na mara ya mwisho kufunguliwa na fundi ni mwaka gani, tangazo halisemi.

Tuelewane kwanza: mimi si adui wa mtumba. Wengi wetu tumevishwa mtumba tangu chekechea na tumefika chuo kikuu. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema anayeanza asiguse kitu chochote kilichotumika. Huo ni ushauri wa mtu asiyejua mwisho wa mwezi wa mwanachuo ukoje. Lakini siwaungi mkono pia wale wa "kifaa ni kifaa tu, muhimu kinafanya kazi". Kabla ya kuuliza bei, uliza swali moja: kitu hiki kikiharibika nikiwa chini, nini kitanipata? Jibu likiwa ni usumbufu, kagua ununue. Jibu likiwa ni kifo, weka hela yako mfukoni.

Tuanze na vya usumbufu. Miwani ya kuzamia ni ununuzi mzuri wa mtumba. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa puani, kisha achia mkono. Ikibaki imenata, inakufaa. Ikidondoka, haikufai hata kama ni ya bei mbaya, maana nyuso hazifanani. Angalia mpira wake kama umekakamaa na kioo kama kina ufa. Mapezi ya miguuni nayo kagua nyufa na vifungo, ujaribu kama yanakubana. Suti ya mpira ikiwa imetumika sana inasinyaa na kupunguza joto, lakini bahari yetu ni ya vuguvugu. Nyembamba ya milimita 3 inamtosha mtu wa hapa siku nyingi za mwaka. Ikitoboka utasikia baridi. Baridi hiyo utaisimulia kesho yake.

Jaketi la kuelea liko katikati. Hilo ndilo linalokuweka juu au kukuruhusu ushuke. Lijaze upepo mpaka likaze, liache usiku kucha. Asubuhi likiwa limelegea, lina tundu. Bonyeza kitufe cha kujazia mara nyingi, uone kama kinarudi au kinang'ang'ania. Kikiganda ukiwa chini, jaketi litajijaza lenyewe na kukupandisha kama puto, usipojua namna ya kulizima. Litikise usikie kama ndani kuna chembe za chumvi. Muuzaji akikukatalia majaribio haya, amekwisha kukujibu.

Sasa tuje kwenye regulata, kifaa kinachopunguza presha ya mtungi hadi hewa iweze kuvutwa mdomoni. Mtungi uliojaa una bar 200 hivi. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo. Yaani unaweka mdomoni kitu ambacho upande wake wa pili kuna presha karibu mara mia ya tairi, na kinachokutenganisha nayo ni valvu, springi na vipande vya mpira. Mpira unazeeka hata ukikaa kabatini. Chumvi inakula chuma polepole. Vyote hivyo viko ndani, na nje kifaa kinaweza kung'aa kama kimetoka dukani jana. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka regulata ifunguliwe na fundi aliyesomea, kila mwaka au kila miaka miwili, na vipuri vya ndani vibadilishwe.

Wenzangu wa fizikia wanaikumbuka sheria ya Boyle. Juu ya maji tuna presha ya angahewa moja. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza moja. Mita 20 ni angahewa tatu, kwa hiyo hewa uliyoivuta huko, ukipanda nayo hadi juu, inataka nafasi mara tatu. Mapafu hayana nafasi hiyo. Aliyefundishwa anajua kwamba haachi kupumua hata sekunde moja akiwa anapanda. Asiyefundishwa, regulata ikigoma, atafanya kile ambacho mwili wowote wenye hofu hufanya: atabana pumzi na kukimbilia juu. Hapo kitakachomuumiza ni pumzi aliyoibana, kuliko hata maji.

Kwa hiyo regulata ya mtumba kwa anayeanza nasema hapana, isipokuwa masharti matatu yatimie: kuna karatasi ya fundi inayoonyesha tarehe, vipuri vya toleo hilo bado vinauzwa, na fundi wa kuifungua unamfahamu na unaweza kumfikia. Kisha piga hesabu yote, siyo bei ya tangazo tu. Jumlisha vipuri, mkono wa fundi na nauli ya boti kama fundi yuko ng'ambo ya maji. Watu wengi wakimaliza hesabu hiyo wanagundua kwamba rahisi imekuwa ghali.

Mtungi ndio sioni kabisa kwa nini mwanachuo aununue. Begani pake panagongwa mwezi na mwaka wa kupimwa. Marekani, kwa mfano, unatakiwa upimwe kwa presha ya maji kila miaka 5, na wazamiaji huukagua ndani kila mwaka. Uliopitwa na tarehe, kituo makini hakikujazii. Mitungi ya zamani ya alumini, hasa ile ya kabla ya miaka ya 1990, mingi ilitengenezwa kwa aloi inayoitwa 6351, ambayo ilikuja kuonekana inaweza kufanya nyufa shingoni. Na hata ukiupata mzima, utaujaza wapi? Nimesikia mtu akisema kwa fundi pancha. Kompresa ya pancha haifiki hata robo ya presha inayotakiwa, na hewa yake inaweza kuwa na mafuta na moshi. Moshi unaokuumiza kichwa ukiwa gereji unakuwa sumu kali zaidi chini ya maji, kwa sababu ile ile ya presha.

Inabaki hoja ya kibarua, na hii ndiyo inayoniuma kwa sababu inagusa hela za mkopo ambazo mtu atazilipa miaka mingi. Kituo cha wazamiaji hakikuajiri kwa sababu una begi la vifaa. Kinaangalia cheti, uzoefu wa mbizi ulizoandika, na kama unaogelea. Kozi ya kwanza, ile inayokuruhusu kufika mita 18, huchukua siku tatu au nne, na kwa kawaida vifaa vimo ndani ya ada. Yaani unapohitaji vifaa kwa mara ya kwanza, unapewa. Anayenunua seti nzima kabla ya kozi amelipia kitu ambacho hajui kukitumia, hajui kukikagua, na pengine hakimtoshi. Wahenga walishasema, mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usoni.

Ninayesema haya nasomea ualimu, na najua tutakakopelekwa wengine ni shule za pwani. Huko tutawakuta vijana ambao kaka zao wanashuka kutafuta majongoo bahari, wakiwa na mitungi waliyoazima na bila kozi yoyote. Mtoto anayeishi hatua mia moja kutoka baharini anakariri sheria ya Boyle ili ajibu mtihani, na hakuna anayemwambia kwamba sheria ile inahusu mapafu ya kaka yake. Sisi ndio tutakaomwambia, au tutakaonyamaza.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi dogo. Badala ya kila mmoja kujinunulia seti yake kichochoroni, tuchangishane tununue miwani na mapezi kumi, mtumba uliokaguliwa, yakae ofisini na kuazimwa kwa kitambulisho. Tutafute mtu wa kutufundisha kuogelea kwanza, maana wengi tunaotamani mita 18 hatuwezi kuelea kwenye mita mbili. Atakayevuka hapo na bado ana hamu, ajichange kwa ajili ya kozi. Regulata na mtungi akodi kituoni, pale ambapo kuna mtu anayeulizwa kikiharibika.

Na ukikutana na tangazo la "seti nzima", mpigie muuzaji. Muulize ilifunguliwa lini na fundi gani. Akianza kukusifia rangi ya jaketi, kata simu.