Kisiwa si Kimbilio la Wachovu

Yapo maneno mawili yasemwayo mara kwa mara juu ya Agnès Varda, na yote mawili huvaa sura ya heshima. La kwanza ni kwamba alikuwa bibi wa lile Wimbi Jipya la sinema ya Ufaransa. La pili ni kwamba alikuwa na bahati ya kuwa na kisiwa cha kupumzikia, Noirmoutier, baada ya taabu za mji wa Paris. Asikiaye hudhani amesikia sifa njema. Lakini zipo sifa zilizo kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine: humfunika avaaye bila ya kumkaa. Neno la kwanza lilimzeesha kabla ya wakati wake. La pili lamstaafisha mtu ambaye hakupata kustaafu.

Neno la kwanza lahukumiwa na tarehe peke yake. Varda alizaliwa Ixelles, Brussels, mwaka 1928. Sinema yake ya kwanza, La Pointe Courte, ilitoka mwaka 1955. Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut ilitoka mwaka 1959, na À bout de souffle ya Jean-Luc Godard mwaka 1960. Mtu aliyewatangulia wenziwe njiani kwa miaka minne huitwa kiongozi wa msafara. Varda aliitwa bibi, tena angali kijana. Wanaume waliotembea njia ile ile hawakuitwa babu. Waliitwa mabwana wa sanaa. Basi jina hilo halikupima umri wala kazi. Lilipima jinsia, likajifanya ni mapenzi.

Wako pia wasemao kwamba mtu huyu si haki ya idara za fasihi, maana chombo chake kilikuwa kamera. Hao na watazame La Pointe Courte ilivyojengwa. Sinema ile yaenda kwa zamu: mara wavuvi wa mtaa mmoja wa Sète na shida zao, mara mume na mke wanaojadiliana kama ndoa yao itadumu. Visa hivyo viwili hukaa pamoja bila ya kuchanganyika. Varda, ambaye hadi hapo alikuwa mpiga picha katika tamthilia za Jean Vilar, alijifunza ujenzi huo katika riwaya ya William Faulkner iitwayo The Wild Palms. Yaani sinema yake ya kwanza ilizaliwa na kitabu. Baadaye aliipa kazi yake jina alilolitunga mwenyewe, cinécriture, yaani uandishi kwa sinema: uchaguzi wa mahali, mwendo wa kamera, ukataji wa picha, sauti na maneno, vyote ni kalamu moja. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kulistaajabia jambo hili. Lugha yake hutumia neno moja, kutunga, kwa ushanga, kwa shairi na kwa hadithi. Lugha iliyokwisha kulijua hilo haifai kusemewa na wanazuoni wake kwamba utungaji huisha mwisho wa karatasi.

Sasa lije neno la kisiwa. Noirmoutier kipo katika pwani ya Atlantiki. Hadi daraja lilipojengwa mwaka 1971, mpita kwa miguu au kwa gari alitegemea Gois, njia ya zaidi ya kilomita nne ambayo bahari huifunika mara mbili kwa siku. Aliyemjulisha Varda kisiwa hicho ni mumewe, Jacques Demy, mtunzi wa sinema kama yeye, na huko walikuwa na nyumba katika kinu cha zamani. Kama kisiwa kingekuwa kitanda cha mchovu, kazi isingetoka huko. Ilitoka. Les Créatures ya mwaka 1966 ilipigwa huko, nayo ilishindwa vibaya mbele ya watazamaji. Demy alifariki mwaka 1990, na mjane wake hakukifanya kisiwa kaburi la kumbukumbu. Aliwaendea wajane wenziwe, akawahoji mmoja mmoja. Katika kazi hiyo picha moja kubwa imezungukwa na picha ndogo 14, na mbele yake viti 14. Mtazamaji akikaa kiti kimoja humsikia mjane mmoja tu, na akitaka kumsikia mwingine hana budi ainuke. Varda mwenyewe yumo katika hesabu ya hao 14. Mwaka 2006 alivipeleka vitu hivi Paris, katika maonyesho yaitwayo L'Île et Elle, yaani kisiwa na yeye, jina ambalo sikio la Mfaransa hulisikia pia kama mume na mke. Humo alijenga kibanda, na kuta zake zilikuwa tepe za filamu za ile Les Créatures iliyoshindwa. Kushindwa kwa mwaka 1966 kulipata mlango na paa. Ni pumziko gani hili?

Wala mji haukuwa kiwanda peke yake. Katikati ya miaka ya 1970 Varda alikuwa na mtoto mdogo, hakuweza kwenda mbali. Alitoa waya wa umeme nyumbani kwake, akaamua kutopiga picha nje ya mwisho wa waya. Katika kipimo hicho aliwapata muuza mikate, mchinja nyama, fundi cherehani na wenye maduka wengine wa rue Daguerre, akatengeneza Daguerréotypes. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Methali hii hutumiwa kumdharau chungu; ingefaa itumiwe kumuuliza yule mwenye bahari amevua nini. Mwaka 2008, katika Les Plages d'Agnès, aliumwaga mchanga katika mtaa ule ule na kuiweka ofisi yake juu yake, ili Paris iwe pwani.

Ushahidi ulio mzito kupita wote ni Les Glaneurs et la glaneuse ya mwaka 2000. Varda, akiwa na kamera ndogo mkononi, aliwafuata watu waokotao masazo. Mashambani waliokota viazi vilivyotupwa kwa kuwa havikuwa na umbo la soko. Noirmoutier waliokota chaza waliong'olewa na dhoruba, na kila aliyeulizwa juu ya mita na kilo ziruhusiwazo alitoa hesabu yake. Katika masoko ya Paris watu walikula kilichoachwa na wachuuzi. Anayejua pwani ambako wanawake huteremka maji yakipwa kwenda kuchokoa ataielewa sinema hii bila ya mkalimani. Mji na kisiwa ni swali moja humo: nani huamua kwamba kitu hiki ni taka, na nani hula?

Haki yataka isemwe kwamba Varda alikuwa na nyumba mjini, nyumba kisiwani, na kampuni yake mwenyewe ya sinema. Wanawake wengi wenye vipaji hawana hata kimoja. Lakini hoja hiyo yawashitaki wanaowanyima wengine nafasi. Haimshitaki aliyeitumia yake. Wala heshima ya mwisho haifuti deni. Mwaka 2017 alipewa Oscar ya heshima, mwanamke wa kwanza mwongozaji wa sinema kuipata, miaka 62 baada ya La Pointe Courte. Alifariki Paris tarehe 29 Machi 2019, akiwa na umri wa miaka 90.

Madhara ya maneno yale mawili hayamfiki tena marehemu. Humfika mwanafunzi. Afundishwaye kwamba kazi iliyofanywa karibu na utoto wa mwana ni kazi ndogo, ataitupa iliyo bora katika lugha yake mwenyewe, kwa kuwa ilitungwa jikoni au uani. Atafanya kama mkulima aliyetupa viazi kwa umbo lake. Na atakayepita nyuma yake akiokota, huyo ndiye atakayekuwa msomi.