Baiskeli ya Kurithi

Majira ya baridi yakiisha, iwe Buffalo, Columbus au Louisville, baiskeli ya milimani ya kaka huwa ya mdogo wake.

Kwanza, ifuteni chumvi ya barabarani kwa kitambaa chenye maji, kwani hula mnyororo na nguzo za shokapu. Kisha mnyororo utiwe mafuta.

Pili, shokapu ya upepo iliyojazwa kwa uzito wa kaka ni ngumu mno kwa mtoto: gurudumu hurukaruka, na breki haifai kitu tairi isipogusa ardhi. Punguzeni upepo hata mtoto akikaa juu, shokapu ididimie kadiri ya robo ya mwendo wake. Mkiongeza, tumieni pampu ya shokapu, si ya tairi.

Kanzu ya kurithi hupunguzwa ikamkaa mrithi. Na baiskeli vivyo hivyo.